Kumiliki Gari Kuukuu: Mambo ya Kuzingatia kwa Asiye Fundi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Gwata)



Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu, nikiuliza stakabadhi na hati za malipo, na najua kwamba mkaguzi akionekana njiani, aghalabu chai hupoa vikombeni. Leo sikuja kukagua. Nimeombwa nizungumze juu ya magari kuukuu, kwa sababu katika sehemu zetu, tangu hapa Gwata hadi upande wa Kisarawe, wako wanachama, na hata baadhi ya vyama, walionunua au wanaofikiria kununua Land Rover za zamani kwa ajili ya kubebea korosho, ufuta na pembejeo.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Nilisoma hadi sekondari nikaingia katika kazi ya ushirika, na elimu yangu ya injini niliipata kwa hasara, baada ya kununua Land Rover ya mwaka 1977. Mafundi waliomo humu watanisahihisha nitakapokosea. Lakini yamkini ni vema mgeni akafundishwa na aliyekuwa mgeni jana, kwa kuwa fundi aliyebobea husahau yale yasiyojulikana na mwanafunzi.

GARI HILI NI LA NAMNA GANI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikigawiwa kwa kipimo, na ndiyo maana bodi lake lilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, chuma kikaachwa kwa chasisi na sehemu zenye kubeba uzito. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu, ambalo ndilo tunaloliona zaidi huku kwetu, lilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Kuanzia mwaka 1976 magari hayo yaliunganishwa pia jirani zetu Kenya, katika kiwanda cha Thika.

Magari haya hayakufa. Mwezi Oktoba mwaka 2024 mamia ya Land Rover, za zamani na za sasa, zilikusanyika Arusha katika tamasha lililofanywa kwa ajili yake. Yanaishi kwa sababu yalijengwa kwa namna ambayo mtu mwenye spana, nyundo, bisibisi na subira anaweza kuyafungua na kuyafunga. Hayana kompyuta. Kila kilichomo ndani yake kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

Lakini hapo ndipo mgeni anapoponzwa. Akiisha kusikia kwamba gari ni rahisi kutengeneza, hudhani ni rahisi pia kulitunza. Gari la kisasa husamehe mwenye nalo uvivu wa miezi mingi. Gari kuukuu hudai kutazamwa kila juma, na likikosa kutazamwa hudai fedha.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilipolipata gari langu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kulipaka rangi. Nilitaka lipendeze. Nilitumia fedha yote niliyokuwa nimeweka, gari likang'aa kijani kama jani la mgomba baada ya mvua, na majirani wakanipongeza. Juma la tatu, nikiwa nimepakia magunia na watu wawili nyuma, nikakanyaga breki mteremkoni, na kanyagio likashuka mpaka sakafuni pasipo kushika kitu. Bomba la mpira la gurudumu la mbele lilikuwa limepasuka. Nikaingiza gia ya chini, nikavuta breki ya mkono, nikaliingiza gari katika kichuguu pembeni mwa njia. Hakuna aliyeumia, ila rangi yangu iliharibika upande mzima.

Toka siku ile nimejifunza mpangilio huu, nami nawaomba mwuandike: kwanza yale yanayosimamisha gari, pili yale yanayoliongoza, tatu yale yanayoliendesha, na mwisho kabisa yale yanayolipamba.

KABLA YA KUNUNUA

Anayekwenda kununua asianze kwa kutazama injini, kwani injini yaweza kufunguliwa na kufanywa upya. Aanze chini, kwenye chasisi. Chasisi ya Land Rover ni chuma chenye uwazi ndani kama bomba la pembe nne, na kutu yake huanzia ndani ambako hakuonekani. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga taratibu tangu mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Chunguza zaidi boriti ya nyuma, mahali springi zinaposhikwa, na mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi. Chunguza pia pale alumini inapokutana na chuma, maana madini hayo mawili yakipata unyevu huliana, na alumini hugeuka unga mweupe.

Ukikuta mabati yamechomelewa juu ya mabati, na lami au rangi nene imepakwa juu yake, ondoka. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani.

Baada ya chasisi, linganisha namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizomo katika kadi ya gari. Magari haya yamepita mikono mingi, na injini nyingi zimebadilishwa. Injini kubadilishwa si kosa, lakini mabadiliko yasiyoandikwa ni taabu itakayomwangukia mnunuzi wa mwisho. Chama kisitoe hata shilingi moja kabla kadi haijahakikiwa Mamlaka ya Mapato na kabla mwuzaji hajaonekana kuwa ndiye mwenye mali.

BREKI, USUKANI NA MAGURUDUMU

Land Rover nyingi za wakati ule zina breki za dramu magurudumu yote manne, na nyingi zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Kwa hiyo, mabomba ya mpira yasiyojulikana umri wake yabadilishwe yote, hata kama kwa nje yanaonekana mazima. Breki hizi hazijirekebishi zenyewe: kadiri lainingi zinavyolika, ndivyo kanyagio linavyoshuka, na ni lazima zikazwe kwa spana, gurudumu moja moja, mpaka gurudumu liguse kidogo, kisha zilegezwe kiasi cha kuzunguka huru.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakishakunywa maji huchemka upesi breki zinapopata moto, na hapo kanyagio huwa laini kama sifongo. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Tena, na hili nalisema kwa mkazo, kamwe usiongeze oili ya injini katika kikopo cha breki. Oili hiyo huvimbisha mipira yote ya mfumo mzima, na kosa la kikombe kimoja litakugharimu masta silinda na silinda za magurudumu yote.

Kwa usukani, mtu mmoja auzungushe huku na huku kidogo kidogo, mwingine alale chini atazame viungo. Kiungo kinachocheza kabla gurudumu halijatikisika ndicho kilichokwisha. Tairi nazo zisitazamwe kashata peke yake. Tairi iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe yaweza kuwa na kashata nzuri huku ubavu wake umepasuka nyufa nyembamba. Hiyo haifai kubeba mzigo.

MOTO NA MAFUTA

Injini ya petroli ya lita mbili na robo, ambayo ndiyo iliyomo katika nyingi ya gari hizi, inahitaji mambo matatu: mafuta, hewa, na cheche kwa wakati wake. Gari likikataa kuwaka, mgeni hukimbilia kabureta, akaifungua na kupoteza vijidude vyake mchangani. Aanze na cheche. Chomoa plagi moja, iunge tena kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu ilipotoka, na mwenzako azungushe stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyekundu dhaifu, au kukosa cheche, hukupeleka kwenye platini zilizomo ndani ya distributa.

Platini ni vidole viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Nafasi yake, vikiwa vimeachana kabisa, ni kati ya milimita 0.35 na 0.40, na hupimwa kwa fila geji. Asiye na kipimo hicho akinunue. Ni kitu cha bei ndogo kuliko safari moja ya kwenda gereji. Nafasi ya plagi ni kati ya milimita 0.75 na 0.80. Mpangilio wa kuwaka kwa silinda ni 1, 3, 4, 2. Andika namba hizo kwa rangi ndani ya boneti, maana siku utakayozihitaji utakuwa porini na jua limekuchwa.

Kwa upande wa mafuta, tangi lililokaa bila kazi hujaza kutu na uchafu. Katika pampu ya mafuta kuna kikombe kidogo cha kioo ambamo taka hutuama. Kitazame kila juma. Ukiona chembe nyekundu, usiridhike kukisafisha kikombe. Toa tangi ulioshe, kwa kuwa leo zimefika kwenye kikombe na kesho zitafika kwenye kabureta.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Injini hizi zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa ikitiwa risasi, na risasi ile ilisaidia kulinda vikalio vya valvu. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ikawa heri kubwa kwa afya ya watoto wetu. Lakini mwenye injini ya zamani inampasa apime nafasi ya valvu mara kwa mara. Kwa injini hii ni milimita 0.25. Nafasi ikizidi kupungua kila unapopima, valvu zinazama, na ni wakati wa kupeleka silinda hedi kwa wachongaji.

MAJI NA VUMBI

Wengi wetu hutia katika rejeta maji yoyote yaliyo karibu: ya kisima, ya mto Ruvu, hata ya dimbwi. Maji hayo huja na tope na chumvi, navyo huganda katika mishipa myembamba ya rejeta mpaka inaziba. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Na yule fundi anayewaambia mng'oe themostati ili injini ipoe, msimsikilize. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta mengi, na kuta za silinda hulika upesi. Kama injini inachemka ikiwa na themostati nzima, kuna ugonjwa mahali pengine, na kung'oa themostati ni kuuficha tu.

Kisafisha hewa cha magari haya hutumia oili iliyowekwa ndani ya bakuli ili kunasa vumbi. Kiangazi, katika barabara zetu, bakuli hilo hujaa tope jeusi kwa muda mfupi. Lioshwe kila juma wakati wa msimu wa kusomba mazao. Oili ya injini, ingawa kitabu cha mtengenezaji huruhusu muda mrefu zaidi, kwa vumbi letu ni busara kuibadilisha kila kilometa 5,000 pamoja na filta yake.

Wakati wa masika, mkivuka maji, kumbukeni kwamba chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kutolea oili iliyovuja, na liko skrubu maalumu la kuliziba gari linapoingia majini. Likishavuka, lazima skrubu itolewe, la sivyo oili hujaa humo na klachi huteleza. Kisha fungueni oili ya difu mtazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ibadilishwe siku hiyo hiyo.

GUNIA LA SPEA

Ndugu zangu, sasa naomba niwasimulie jambo lililonifanya nikubali kuja kusema hapa.

Miaka michache iliyopita nilitumwa kukagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Chama hicho kilikuwa na Land Rover ndefu, iliyonunuliwa ikiwa kuukuu. Katika mwaka ule wa hesabu fungu la matengenezo lilikuwa limezidi makisio zaidi ya mara mbili, na gari lenyewe lilikuwa limesimama. Wanachama walikuwa wamekasirika, na kwa haki, kwani korosho zao zilisombwa kwa magari ya kukodi. Katibu alikuwa amekwisha kusimamishwa. Nilipofungua jalada nikakuta hati chache. Nyingi zilikuwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa "spea" na kiasi cha fedha, bila tarehe wala jina la duka. Katika ukaguzi, fedha isiyo na hati hudaiwa kwa aliyeishika, nami nilikuwa tayari kuandika hivyo.

Nilipomwita katibu ajieleze, mzee yule hakusema mengi. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na gunia begani, akalimwaga sakafuni mbele ya meza yangu. "Bwana Mkaguzi," akasema, "fedha ya wanachama ni hii."

Zilikuwa spea kuukuu zote alizowahi kutoa katika gari lile. Hakutupa hata moja. Kama ningekuwa sijapata taabu ya gari langu mwenyewe, ningeona takataka tu. Lakini nilichuchumaa tukazipanga pamoja. Kulikuwa na gasketi mbili za silinda hedi, zote zimeungua mahali pamoja, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Kulikuwa na seti sita za platini, zote zimeliwa kwa namna moja. Kulikuwa na masta silinda ambayo mipira yake imevimba na kuwa laini kama embe bovu.

Spea zile zilisema mambo mawili. La kwanza, zilinunuliwa kweli. La pili, kila mara lilitibiwa tokeo, na chanzo kikaachwa. Gasketi ya kwanza iliungua kwa sababu injini ilichemka. Fundi akabadilisha gasketi bila kuzibua rejeta, wala hakuweka rula ya chuma juu ya silinda hedi kuona kama imepinda. Basi ya pili nayo ikaungua palepale. Platini zilikuwa zikiliwa kwa sababu kondensa ilikuwa mbovu, na kondensa ni kitu kidogo kuliko kidole gumba. Mipira ya breki ilivimba kwa sababu mtu alitia oili isiyo yake. Chama kililipa mara mbili, mara tatu, mara sita, kwa magonjwa matatu ambayo kila moja lilikuwa na dawa moja.

Nilichukua vitu vile pamoja na katibu tukaenda kwa wenye maduka. Waliokuwa na vitabu vya nakala walivifungua, na kiasi kikubwa cha fedha kikaonekana. Sehemu haikuonekana, kwa kuwa iliyobaki ilinunuliwa barabarani kwa watu wasio na vitabu. Taarifa yangu ikasema kwamba sikuona wizi, ila niliona uzembe wa kumbukumbu. Mkutano mkuu ulimwondolea deni lile lililothibitishwa. Lililobaki alililipa kwa malipo ya korosho zake mwenyewe, misimu miwili. Wanachama walimwomba arudi katika kazi, akakataa. Mpaka leo nikipita hunikaribisha vizuri na kunipa madafu, lakini ukatibu hataki kuusikia.

Chama kilipoteza mtu mwaminifu kwa kukosa daftari la kurasa chache. Nami nakiri mbele yenu kwamba bila gunia lile ningemwandika mwizi, na jina hilo lingebaki kwa watoto wake.

DAFTARI LA GARI

Ninyi mnaijua methali ya vyama vyetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari kuukuu, daftari lenyewe ni chombo cha fundi sawasawa na spana. Lipigwe mistari, liwe na safu hizi: tarehe; kilometa zilizosomwa; dalili iliyoonekana; chanzo kilichopatikana; spea iliyotolewa; spea iliyotiwa na mahali iliponunuliwa; jina la fundi; fedha iliyolipwa na namba ya hati ya malipo; na sahihi ya dereva na ya katibu.

Safu ya dalili na safu ya chanzo ndizo zenye faida kuliko zote. Fundi akishindwa kujaza chanzo, kazi haijakwisha. Na kila mara mnapotaka kununua spea, rudini nyuma kurasa chache. Spea ile ile ikionekana mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, msinunue ya tatu kabla hamjajua kwa nini.

Spea iliyotolewa ifungwe kipande cha karatasi chenye tarehe na kilometa, iwekwe katika sanduku la chama mpaka ukaguzi wa mwaka upite. Mkienda madukani Kariakoo, ichukueni hiyo ya zamani mkononi, mpime mpya kwa ya zamani: urefu, upana, meno, nyuzi za skrubu. Bandia nyingi hufanana kwa kisanduku, zikapishana kwa kipimo.

Tena gari lisiwe na mafundi kumi. Chagueni fundi mmoja wa injini, mpatane naye bei kwa maandishi kabla ya kufungua, na mtu wa chama akae naye wakati wa kazi. Anayekaa na fundi huona, na anayeona hujifunza. Kuuliza si ujinga. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na mwanachama anayeweza kurekebisha platini, kukaza breki na kupiga grisi bila kumwita mtu.

JE, INAFAA CHAMA KUWA NA GARI KUUKUU?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na sitaki kulikwepa. Mwanachama anayenunua kwa fedha yake na kwa mapenzi yake, na afanye apendavyo. Liko pia furaha ya haki katika kukiokoa chombo kilichojengwa vizuri. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano mengine. Alikuwa akiijua kila nati yake.

Lakini chama hakina mapenzi, kina wajibu. Kwa chama nasema hivi: gari kuukuu lisiwe ndilo tegemeo pekee la kusomba mazao wakati wa mnada. Liwe la msaada. Litengewe fungu lake katika makisio, ambalo mkutano mkuu umelipitisha kwa kujua. Na mwisho wa kila mwaka daftari lisomwe mbele ya wanachama, waone gari limebeba magunia mangapi na limekula fedha ngapi. Iwapo kukodi kungekuwa nafuu kwa miaka miwili mfululizo, liuzwe kwa mnada wa wazi likiwa bado linatembea, lisingojewe mpaka kuku watage ndani yake. Hapo msione haya. Kuuza kwa wakati nako ni utunzaji wa mali ya wanachama.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi kuliko nilivyokusudia. Nimeambiwa kwamba nje, chini ya mti, liko gari la mwanachama mmoja lililokataa kuwaka tangu juzi, na kwamba fila geji haikupatikana kijiji kizima. Ninayo yangu mfukoni. Tukimaliza maswali, twende pamoja tukaanze na cheche, na mmoja wenu aje na daftari.